Kumchungulia Mchumba kwenye Reli ya Mlimani

Kilichonitoa kwetu Ngamiani, Tanga, kwenda kukaa juu ya jiwe na kutazama magari ya moshi ni neno moja tu: dereva.

Ilikuwa katika miaka ya hamsini, mwaka ambao mvua za vuli zilichelewa kwetu pwani. Kaka yangu Saidi alipokea posa ya binti yake, Zuhura. Mshenga alikuwa Mzee Mbwana, muuza kahawa wa mtaani, mtu mwenye ulimi uliopakwa samli. Alisema mposaji anaitwa Rajabu, mzaliwa wa Pangani, mtu wa dini, na kazi yake ni dereva wa gari la moshi huko milimani, kati ya Moshi na Arusha. Kaka Saidi aliposikia dereva, kifua kilimpanda. Siku ile alitangulia msikitini kabla hata ya adhana ya alasiri, nami nilijua haendi kuswali tu, anakwenda kutangaza pia.

Mimi sikufurahi upesi hivyo. Zuhura alikuwa ameshaolewa mara moja, na aliyeisifia ndoa ile kuliko watu wote alikuwa mimi, shangazi yake. Niliambiwa mume ana minazi, ana nyumba ya ghorofa, ukoo wake unajulikana mpaka Unguja, nami nikasema mpeni. Miezi minne baadaye mtoto alirudi na sanduku lake, amekonda, hataki kusimulia yaliyompata. Tangu hapo kila nikimwona anafua uani, nilijihisi kama mtu aliyemwibia kitu na kitu chenyewe hakirudishiki. Kwa hiyo Mzee Mbwana alipomaliza sifa zake, nilisema, "Huyu nitakwenda kumwona kwa macho yangu."

"Umwone wapi?" akauliza kaka. "Mtu yuko Moshi."

"Gari la moshi si linakwenda Moshi?"

"Mwanamke peke yako?"

"Mimi mjane, Saidi, na miaka hamsini nimeipita. Nani ataniiba? Na huko yuko Mwanahawa."

Mwanahawa ni binti wa mama yetu mdogo. Mumewe, Athumani, alikuwa mnyapara wa genge la watu wanaotengeneza reli, na kambi yao ilikuwa kando ya njia hiyohiyo ya Arusha. Kaka alikubali. Niliweka sharti moja, kwamba Rajabu asipelekewe habari. Hapo Mzee Mbwana alipaliwa na kahawa yake mwenyewe, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Niliona, nikaliweka moyoni.

Saa moja asubuhi, stesheni ya Tanga. Nilikuwa nimevaa buibui langu jipya, nina kikapu chenye nazi kumi na mbili, na kifurushi cha papa mkavu, kwa kuwa Mwanahawa alikuwa ameandika barua kwamba huko bara watu wanakula ndizi mpaka ndotoni. Daraja la tatu lilijaa. Nilipata nafasi kwenye ubao mbele ya mfanyabiashara wa vitambaa, bwana mmoja mwenye fulana safi sana. Gari halijapita hata Pongwe, naye akaanza kunusa huku na huku.

"Bibi," akaniuliza kwa adabu, "huyo papa amekata tiketi?"

"Amekata ya kwenda tu, bwana. Harudi."

Alicheka, akafungua dirisha, na kuanzia hapo tulikuwa marafiki. Alikuwa ameipanda njia ile mara nyingi, akanionyesha kila kitu kana kwamba reli ni shamba la baba yake.

Muheza tulinunua machungwa dirishani. Baada ya hapo ni mkonge, mkonge, mkonge, umepangwa safu safu kama watu wa swala ya Idi, mpaka macho yanachoka na kunyooka kwake. Korogwe tulisimama muda mrefu kupishana na gari linaloshuka. Watu waliteremka kunyoosha miguu, na mimi nikateremka. Nilisimama karibu na kichwa cha gari kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nimezaliwa Tanga, honi ya gari la moshi nimeisikia tangu tumboni, lakini sikuwahi kulisogelea. Lilikuwa linapumua. Sisemi mfano; lilikuwa linavuta pumzi na kuitoa kama mtu aliyebeba gunia, na joto lake lilinipiga usoni. Nilirudi ndani nikijifuta uso.

Mombo, jua la utosi. Milima ya Usambara imesimama mkono wa kulia kama ukuta. Wazungu wa daraja la kwanza waliteremka kwenda Lushoto kupunga baridi, na wanawake wa Kishambaa wakatuletea mapeasi na viazi vya kuchemsha. Baada ya hapo nyika ya Mkomazi ikatupokea kwa vumbi. Buibui langu jipya likawa la kijivu, na fulana ya yule bwana wa vitambaa ikawa rangi ya udongo, naye akaacha kuitazama. Milima ya Upare ilitusindikiza alasiri nzima. Same tulikunywa chai. Kahe tulifika wakati wa magharibi, na Moshi nilimkuta Athumani ananisubiri na taa yake ya kazini mkononi. Nililala kwa rafiki yake mmoja na mkewe, nikalala kama nazi iliyodondoka.

Asubuhi, Moshi. Nilitoka uani kutia udhu, nikainua macho, na birika likanitoka mkononi.

Barafu niliyoijua mimi ilikuwa ile ya kiwandani, inayoletwa mjini imefukiwa katika maranda ya mbao, wenye mahoteli wanainunua kwa ajili ya samaki na sharubati. Hii ilikuwa juu mbinguni, nyeupe, imekaa juu ya mlima kama kofia mpya ya Idi, na jua lilikuwa linaipiga. Chini yake mawingu, chini ya mawingu migomba, chini ya migomba stesheni na magari ya moshi yanahangaika na moshi wao. Mwenyeji wangu aliniokotea birika.

"Wageni wote hufanya hivyo," alisema. "Mwaka jana mmoja alivunja gudulia."

Stesheni niliwaona Wazungu watano wenye viatu vya misumari, kamba na fimbo ndefu. Athumani aliniambia wametoka Ulaya kuja kupanda mlima ule ili waikanyage theluji, kisha wateremke. Nikauliza wakishaikanyaga wanapata nini. "Wanapata kurudi kwao kusema wameikanyaga," alijibu. Niliwacheka. Baadaye kidogo nilikumbuka kwamba hata mimi nilikuwa nimetoka Tanga kuja kumtazama mwanamume anapita, nikaacha kucheka.

Kambini tulikwenda kwa toroli. Ni kitanda cha mbao chenye magurudumu ya chuma, kinakaa juu ya reli, na vijana wawili wa genge wanakisukuma mbio kisha wanakidandia. Athumani alisema nishike sana na nisimwambie mtu. Kwenye mteremko upepo uliingia ndani ya buibui ukalijaza, nikawa kama pipa, na vijana wale wakajitahidi kutazama pembeni kwa heshima. Tulivuka madaraja mawili yenye mito inayopiga kelele chini. Nilisoma kila dua niliyoijua, na nyingine nilizirudia.

Kambi yenyewe ilikuwa vibanda sita vya mabati kando ya kona, mahali reli inapoanza kupanda. Mwanahawa alinikumbatia mimi kwanza, kisha papa, na sijui yupi alikumbatiwa zaidi. Mchana ule tulikula wali wa nazi, naye akala akiwa amefumba macho. Tulipomaliza nilimweleza mumewe kilichonileta. Athumani ni mtu wa maneno machache. Alijikuna kidevu.

"Rajabu namjua," alisema. "Hupita hapa kila baada ya siku mbili au tatu. Kapande juu ya lile jiwe. Kwenye kona gari hupanda polepole kuliko mtu anayetembea. Utamwona mpaka kope."

"Ni mtu gani?"

"Umekuja kutazama. Tazama."

Basi nikaanza kazi yangu ya kukaa juu ya jiwe. Jiwe lenyewe lilikuwa juu ya ukingo, na kutoka pale niliiona reli ikitoka bondeni, ikijikunja, ikipita chini ya miguu yangu na kupotea mbele upande wa mlima Meru. Nyuma yangu mlima na theluji yake, ukijifunika kila ifikapo saa nne kama mwali anayeona haya.

Siku ya kwanza lilipanda gari la asubuhi. Nililisikia kabla sijaliona: pumzi nzito, moja moja, halafu mngurumo ndani ya jiwe nililokalia. Lilipofika kwenye kona nikawaona watu waliomo kichwani, dereva Singasinga mwenye kilemba, na kijana mnene anayelisha moto. Hakuwa Rajabu. Alasiri lilishuka jingine, limetulia, linateleza tu kwa raha zake, limebeba kahawa. Siku ya pili nilishaanza kuyajua. La mizigo lilikuwa linakohoa. La abiria lilikuwa na honi ya kulialia. Kulikuwa na kichwa kimoja kidogo ambacho kilipanda kwa haraka haraka kama mwanamke aliyechelewa harusini, na hicho ndicho nilichokipenda. Nilijikuta naacha chai ipoe ili nisikikose.

Mwanahawa hakunielewa hata kidogo. "Mimi miaka sita niko hapa," alisema, "siku hizi hata siyasikii. Likipita gari najua kwa sababu vikombe vinacheza."

"Wewe kaa na vikombe," nilimwambia. "Niachie mimi jiwe."

Siku ya nne mvua ilianza kabla ya saa tatu. Haikuwa mvua ya kwetu inayomwagika na kwisha. Ilikuwa manyunyu mepesi, ya baridi, yanayoingia mpaka kwenye mifupa. Nilijifunga kanga mbili, nikajitanda ya tatu, nikapanda jiweni. Athumani na genge lake walikuwa chini kwenye kona, wamesimama tu na majembe yao. Nilimwuliza kwa sauti wanasubiri nini.

"Reli iliyolowa kidogo ni mbaya kuliko iliyolowa sana," alijibu. "Leo la mizigo litashindwa hapa."

Likaja. Nililisikia linakohoa kutoka bondeni, kikohozi kikubwa, na nilipoliona lilikuwa na mabehewa mengi kuliko siku zote. Lilipoingia kwenye kona magurudumu ya kichwa yaliteleza. Yalizunguka papo hapo kwa kasi ya ajabu, cheche zikaruka, moshi ukatoka mweusi tii, na gari lote likasimama. Likarudi nyuma polepole mpaka mahali palipo sawa, likajikusanya, likaja tena. Likateleza tena, likasimama palepale.

Hapo ndipo mtu mmoja aliporuka kutoka kichwani, ana debe la mchanga mkononi, akaanza kutembea mbele ya gari ameinama, anamwaga mchanga kwenye reli kwa kiganja, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Alikuwa mrefu, mwembamba, mweusi kwa masizi. Athumani alinitazama kule juu, akanyanyua kidevu kidogo. Nikajua huyo ndiye Rajabu. Na palepale nikajua jambo la pili. Dereva alikuwa bado kichwani, na kilemba chake, ameshika mikono ya mashine, anafoka. Rajabu hakuwa dereva.

Machoni pangu nikamwona Mzee Mbwana na kikohozi chake cha kahawa.

Lakini sikupata nafasi ya kukasirika sawasawa. Gari liliposimama, mama mmoja wa Kimasai alikuwa anapita na mbuzi wake kando ya njia, na mbuzi hawapendi mvua. Waliona paa kubwa limesimama mbele yao, wakaingia chini ya mabehewa wote, wakakaa juu ya kokoto kwa raha. Mama yule akawaita, hawakutoka. Rajabu alimaliza mchanga wake, akageuka kurudi kichwani, akawaona. Aliinua mkono kwa dereva.

"Ngoja, bwana. Chini kuna mbuzi."

"Moto wangu ufe kwa sababu ya mbuzi?" dereva akafoka.

"Moto ni kazi yangu," alijibu Rajabu. "Nitauwasha."

Akaingia chini ya behewa kwa magoti. Watu wa genge wakaingia, na mimi, sijui nani aliniambia, nikajikuta nimeteremka ukingoni nikiwa nimeshika kanga kwa meno. Tulitoa mbuzi mmoja mmoja. Ukimtoa huyu, yule anarudi kwa upande wa pili. Mama wa Kimasai alikuwa anawapokea kwa fimbo huku akitutukana au akitubariki, sikuelewa.

"Mama, mshike huyo mwenye pembe," mtu akaniambia kutoka chini ya behewa. Alikuwa Rajabu.

Nilimshika mguu wa nyuma. Mbuzi akavuta, nikavuta, akanishinda, tukaingia sote wawili kwenye mtaro wa maji. Rajabu alitoka mbio, akamkamata mbuzi kwa mkono mmoja, na mimi akaninyanyua kwa mwingine.

"Pole, mama. Umeumia?"

"Sijaumia."

Akanitazama vizuri. Mvua ilikuwa imemchora michirizi kwenye masizi ya uso. "Wewe si wa huku," alisema. "Kiswahili chako cha kwetu."

"Nimekuja kutembea."

"Umechagua siku," alisema, akacheka, akakimbia. Alitembea urefu wa gari lote, akiinama kutazama chini ya kila behewa, ndipo akapanda kichwani. Nilimwona anafungua mlango wa tanuri na kuanza kulisha, na kwa muda mrefu hakuonekana ila mgongo wake. Mara ya tatu gari lilipokuja, lilikuja polepole kabisa, pumzi moja, halafu nyingine. Nilijikuta nimesimama matopeni nikisema haya, haya, kama mtu anayemhimiza mtoto atembee. Lilipita. Behewa la mwisho lilipoiacha kona, watu wa genge walipiga vigelegele vya kiume na mimi nikavipiga vya kike.

Jioni, nikiwa nimevaa nguo za Mwanahawa, nilikaa karibu na jiko nikitetemeka. Nilikuwa na hasira na nilikuwa na furaha, na vyote viwili havikutaka kupishana.

"Nimemwona mtu mwema," nilimwambia Mwanahawa, "na ametuletea uwongo. Sasa nishike lipi?"

"Umemwuliza kama uwongo ni wake?"

"Sijamwuliza."

"Basi Ijumaa hana zamu. Athumani atamwambia aje. Umeshaonekana na mbuzi, siri gani tena unaificha?"

Ijumaa baada ya swala, Rajabu alikuja kwa miguu kutoka kituo cha karibu, amevaa kanzu na kofia nyeupe. Nilikaribia kutomjua, kwa maana sikuwahi kuuona uso wake bila masizi. Alisimama mlangoni, akanitazama, akaona ni yule mama wa mtaroni, na nikaona haya ikimpanda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa, mwanangu. Mimi Mwanaidi, shangazi yake Zuhura."

Alikaa. Mwanahawa alileta chai na mikate ya kumimina, kisha akakaa mlangoni akijifanya anachambua mchele. Mimi sikuzunguka.

"Kwetu tuliambiwa wewe ni dereva."

Hakushtuka, alionekana kama mtu aliyechoka na jambo la zamani. "Dereva ni yule bwana aliyekuwa akinifokea juzi," alisema. "Mimi ni mtu wa motoni. Nalisha tanuri, nasafisha majivu, namwaga mchanga. Mzee Mbwana nilimwambia hivyohivyo. Akasema mtu wa motoni ni neno baya, watu watafikiri Jahanamu, yeye atatafuta neno jingine. Sikujua atatafuta hilo."

Mwanahawa alicheka kule mlangoni, mchele ukamwagika.

"Na jingine ambalo hukuambiwa," aliendelea, "nimepata kuoa. Nilikuwa na mke hapa Moshi. Siku nne katika juma mimi niko njiani, na siku nikirudi nalala. Alikaa mwaka mmoja, akasema nyumba ni kimya mno, anasikia saa ya ukutani ikila umri wake. Hakuwa mbaya. Tuliachana kwa wema. Hilo nalo Mzee Mbwana alisema halina haja ya kutajwa. Mimi naona lina haja, kwa sababu kazi yangu haijabadilika."

Nilijiandaa kwa maswali kumi na matano tangu Tanga. Niliuliza mawili matatu: mama yake, afya yake, kama anapiga. Juu ya hilo la mwisho alinitazama, akaelewa kwa nini naliuliza, akajibu taratibu, "Sijawahi kumwinulia mtu mkono, mama. Na mtu akisema hivyo usimwamini kwa mdomo. Waulize majirani zangu wa kota za reli kule Moshi, nyumba ya tatu kutoka kwenye tangi la maji." Niliwauliza baadaye. Walisema kweli.

Kisha yeye akaweka kikombe chini. "Na mimi nina swali, kama si utovu wa adabu."

"Uliza."

"Yeye mwenyewe anataka? Au mnataka nyinyi?"

Nilifungua mdomo nijibu. Nikatafuta, nikarudi nyuma mpaka siku ya posa, nikapita sebuleni kwa kaka, nikawaona watu wote waliosema: Mbwana alisema, Saidi alisema, mimi nilisema sana. Zuhura nilimwona akipita na sinia ya vikombe. Mara ya kwanza hatukumwuliza, na mara hii ya pili, pamoja na akili zote nilizojidai kuwa nazo, hatukumwuliza.

"Sijui," nilisema. Neno lile lilinichoma kuliko moto wake.

Rajabu alitikisa kichwa bila ubaya. "Kamwulize, mama. Akikataa, nitajua nimejibiwa na mwenyewe. Mimi nipo. Reli haihami."

Jumapili niliagana nao. Mwanahawa alinipa ndizi mkungu mzima, akalia, akaniambia nikirudi nije na papa wawili. Nilipita tena kwenye jiwe langu asubuhi ile. Kile kichwa kidogo nilichokipenda kilipanda na haraka zake, dereva akapiga honi fupi aliponiona, kwani walishanizoea. Nilimpungia mkono kama mtu mwenye jamaa ndani. Nililala Moshi, na safari ya kurudi kesho yake sikuisikia sana. Nyika, vumbi, Mombo, mkonge. Machungwa ya Muheza sikununua. Nilikuwa nahesabu maneno nitakayosema.

Tanga tulifika kumekuchwa, na asubuhi yake nilikwenda kwa kaka. Mzee Mbwana alikuwa ameshafika, amekaa mkekani na buli lake. Nilisimulia yote tangu mwanzo: mvua, mchanga, mbuzi, mtaro. Nilisema si dereva, ni mlisha moto. Nilisema alikuwa na mke. Kaka Saidi alijishika kiuno.

"Sasa watu wa msikitini niwaambie nini? Nimeshawaambia dereva."

"Waambie ulidanganywa na kahawa."

Mzee Mbwana alisema yeye alipamba tu, na kupamba si kudanganya, hata biharusi hupambwa. Nikamjibu kwamba biharusi hupambwa, habadilishwi kuwa mtu mwingine. Akainamia buli lake. Kisha nikasema lile lililonirudisha. Nikawaambia mtu yule hakuuliza mahari ni kiasi gani wala ukoo wetu ni upi. Aliuliza kama Zuhura anataka, nami shangazi mtu sikuweza kumjibu.

Kaka alilitazama pazia la chumba cha ndani, nami nikalitazama, na Zuhura akatoka, mikono yake imelowa povu la sabuni. Alikuwa amesikia yote.

"Baba," alisema, "naomba siku tatu."

Kaka alikuwa karibu kusema kwamba posa haingoji, nikamkanyaga kidole cha mguu. "Chukua," kaka akasema.

Siku ya tatu alikuja kwangu asubuhi nikiwa nachoma vitumbua. Alikaa kwenye kigoda akavitazama vikiiva. Nilijizuia kusema, na kunyamaza kwangu mimi ni kazi ngumu.

"Shangazi," alisema mwishowe, "hizo siku nne anazokuwa njiani, mimi nikitaka kushona nguo za watu, cherehani yangu imekaa barazani, atakubali?"

"Sikumwuliza."

"Basi aje. Nitamwuliza mwenyewe. Na Mzee Mbwana asiwepo."

Rajabu alikuja alipopata ruhusa yake. Walikaa sebuleni, mlango wazi, mimi kizingitini na ungo wa choroko, nimeinamisha kichwa na kuyaacha masikio wazi. Zuhura aliuliza juu ya cherehani, juu ya mke aliyeondoka, na mambo mengine ambayo mimi na maswali yangu kumi na matano sikuyafikiria. Aliuliza bila kutazama chini. Walizungumza mpaka choroko zikaniishia nikaanza kuzichambua upya. Walipomaliza, Zuhura alitoka, akapita mbele ya baba yake, akasema, "Huyu namtaka." Nyumba ile haikuwa imepata kusikia maneno kama hayo kutoka kwa binti yake.

Waliozwa mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, wakahamia Moshi, na cherehani ikapanda gari la moshi pamoja nao.

Watu huniuliza nilijifunza nini huko bara, nami najua wanataka niwaambie juu ya theluji. Theluji niliiona, ni nzuri, sikuikanyaga na sijutii. Nilijifunza kwamba gari zito kwenye mlima uliolowa halipandi kwa kufoka. Na nilijifunza kwamba nilikuwa tayari kwenda mwendo wa kutwa nzima, na papa mkavu, kumchunguza mtu nisiyemjua, kabla sijapiga hatua kumi mpaka uani nikakae karibu na beseni la nguo na kumwuliza mtoto wangu, "Na wewe je, unataka nini?"